Risasi Kavu ya Denzil Stalnaker

Denzil Stalnaker alikuwa mtu wa kununua kitu mara moja tu maishani. Shoka moja, koti moja, mke mmoja. Hata gari lake lilikuwa zee kiasi kwamba vijana walimpigia honi kwa heshima. Kwa hiyo siku alipoingia dukani kwangu akihema, mtungi wa oksijeni akiuburuta kwenye kigari chake, akaniambia anataka kuanza kujaza risasi mwenyewe nyumbani, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Wewe Denzil? Wewe ambaye hata yai linakuungulia?"

"Cheka, Freda. Ukichoka utaniambia niweke wapi pesa zangu."

Duka hili aliniachia baba. Nauza misumari, mbegu, chakula cha kuku, bunduki na risasi, na bonde lote la Piney Run wananunua kwangu. Anayekwenda kununua kwenye maduka makubwa ya mjini namjua, na yeye anajua kwamba namjua. Mimi nina mdomo, sikatai. Mama aliniombea kanisani nipunguze, haikusaidia. Nimejaza risasi tangu nikiwa msichana, kwa hiyo Denzil hakukosea mlango.

Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi tangu ujana, na vumbi la makaa ya mawe lilikuwa limemwingia mapafuni. Daktari alishamwambia hayo mapafu hayarudi. Denzil alinisimulia habari hiyo huku anachagua bawaba za mlango, utafikiri anazungumzia mapafu ya mtu mwingine. Mkewe, Imogene, alikuwa amekufa. Mtoto wao mmoja tu, Lonnie, alikuwa gerezani.

Lonnie aliumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao, daktari akampa vidonge vya maumivu, vidonge vikamshika asiweze kuviacha, mwisho akawa anaviuza. Sisemi zaidi, maana hapa kwetu hakuna nyumba isiyokuwa na kisa cha vidonge, na mimi pia nina mdogo wangu yuko makaburini. Imogene alipokufa, Lonnie hakuruhusiwa kuja kuzika. Denzil alisimama peke yake kando ya jeneza, kofia mkononi, na tangu siku ile sikumwona tena akivaa ile kofia.

"Lonnie anatoka kabla ya majani kuisha kuanguka," aliniambia. "Kwa parole, amalizie kifungo nyumbani kwa masharti. Nataka Jumatatu ya msimu tuwe naye kule juu, tukiwa na bunduki ya baba."

Jumatatu ya msimu wa kulungu hapa kwetu ni sikukuu. Shule zinafungwa, mgodi unabaki na watu wachache, na makanisa yanapika chakula cha wawindaji. Bunduki ya babake Denzil ni ya zamani sana. Risasi zake viwanda vimeacha kuzitengeneza, na boksi likionekana, bei yake inakufanya uketi chini. Lakini maganda matupu Denzil alikuwa nayo, kopo zima la kahawa, maana babake hakuwahi kutupa ganda hata moja. Mwenye maganda akinunua vifaa, anajaza mwenyewe.

Niliacha kucheka. "Denzil, Lonnie hatashika bunduki tena. Sheria ndiyo inavyosema kwa mtu aliyefungwa kwa kosa kubwa."

"Najua. Sitaki ashike. Nitapiga mimi, yeye akae tu kando yangu kwenye gogo." Alivuta pumzi kidogo. "Nataka msimu mmoja, Freda. Sidhani kama ninayo miwili."

Nikafunga kaunta, nikamletea kiti.

Wapo wanaoingia humu wakitaka mashine zinazotoa risasi kama popo wakitoka pangoni, kumbe wanapiga mara moja kwa mwaka. Nilimwambia Denzil asahau hizo. Anayeanza anataka mashine ya mkono yenye mpini mmoja, ganda moja kwa wakati mmoja, polepole, ili kila hatua aione kwa macho yake. Na hiyo asinunue mpya.

"Chuma cha marehemu nunua," nikamwambia. "Baruti ya marehemu mwaga. Hiyo ni kauli ya baba yangu."

"Kwa nini nimwage baruti nzuri?"

"Unajua alichotia ndani ya kopo? Na yeye huwezi tena kumuuliza."

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa. Jumamosi tukaenda mnada wa nyumba ya marehemu Virgil Hefner, tukapata mashine ya mkono, nzito, rangi imebabuka, lakini imara. Kulikuwa na jamaa mmoja kutoka mjini aliyetaka kupanda dau. Nilimtazama tu. Akakumbuka ana shughuli kwingine.

Kalibu za kubania ganda lirudi umbo lake tulipata za mtumba pia. Tulibishana kwenye mizani. Denzil alitaka ile rahisi ya betri, ndogo kama kiberiti.

"Hapo hapana," nikasema. "Bana matumizi kwenye mashine, bana kwenye meza, hata kwenye kula bana. Mizani usibane. Ndiyo inayopima baruti, na ikikudanganya, bunduki itakupasukia usoni."

"Uso wangu una hasara gani?"

"Lonnie atakuwa amekaa kando yako, mjinga wewe."

Akanunua mizani nzuri. Akanunua na kitabu cha vipimo, kipya, maana nilikataa kumuuzia kitu kingine kabla hajakinunua. Meza alitengeneza mwenyewe kwa mlango wa zamani wa zizi. Siku nzima ya kwanza nilikaa naye hapo, tukipaka mafuta maganda ya babake na kuyapitisha kwenye kalibu. Mtu aliyezoea nyundo na sururu alishika ganda lile kwa vidole viwili, kwa upole ambao mimi sikuwahi kumwona nao hata alipokuwa amembeba Lonnie mchanga.

Kila anayejaza risasi huanza na risasi kavu. Unachukua ganda, unaweka kichwa cha risasi juu yake, basi. Baruti hakuna, fataki ya kuiwasha baruti chini hakuna, tundu liko wazi unaona ndani. Haiwezi kulia hata uitupe motoni. Kazi yake ni kupimia tu, kuona kama urefu umekaa sawa na kama bunduki inaipokea. Ukimaliza unaiweka kwenye droo, au unaifanya kining'inizo cha funguo. Kwetu wapo wanaowapa watoto wachezee.

Ya Denzil ilitoka nzuri kupita kiasi. Aliisugua kwa kitambaa mpaka ukajiona sura yako. Jamani, mzee yule alifurahi! Alikuja nayo kanisani, akamwonyesha mchungaji wakati wa kusalimiana.

Wiki zilizofuata akajaza za kweli, akaenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, akapiga, akaniletea karatasi yenye matundu yaliyokaribiana. Akabandika karatasi ile dukani kwangu bila kuomba ruhusa.

Ndipo akaja Bi Talbott, ofisa wa parole, kukagua nyumba kabla Lonnie hajaachiwa. Binti mdogo wa kutoka kaunti ya pili, mpole, viatu vyake vimejaa matope ya uwanja wa Denzil. Akaona bunduki ukutani. Akaona meza ya mlango wa zizi.

"Mzee, hapa Lonnie hawezi kukaa," akasema. "Nyumba anayoishi isiwe na bunduki wala risasi. Vitoke vyote, au atafutiwe mahali kwingine mjini."

"Ni vyangu, si vyake."

"Najua ni vyako. Lakini yeye atakuwa analala humu."

"Na mlimani? Nikipiga mimi, yeye akikaa tu?"

"Mlimani pia hapana, mzee wangu. Asiwe karibu na bunduki."

Mtu mwingine angetukana. Denzil alinipigia simu nilete gari. Tulihamisha kila kitu siku ileile, bunduki, mashine, mizani, baruti, fataki, kopo la maganda, na risasi alizojaza zikiwa zimepangwa kwenye boksi. Tulipekua makoti ya kuwindia mifuko yote, droo za jikoni, kiti cha gari, hata chupa ya vifungo vya Imogene, maana kwa nyumba za huku risasi unaikuta popote. Vyote nikavifungia stoo dukani. Nilimwangalia akiangalia ukuta mtupu, doa la umbo la bunduki bado lipo.

"Basi msimu umekwenda," nikamwambia. Nilikuwa na hasira na sijui nilimkasirikia nani.

"Acha uende. Kulungu watakuwepo. Mimi nataka mtoto mezani kwangu, Freda. Hayo mengine yalikuwa nyongeza."

Na kweli alimaanisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Lonnie akaja. Nilipeleka keki ya matufaha, na Denzil alikuwa amepika maharage na mkate wa mahindi, ukaungua chini kama kawaida. Lonnie alikuwa amekonda, nywele zimeanza kuwa za kijivu pembeni, na alikula akiwa ameizungushia mkono ile sahani. Babake alimtazama tu, hakula.

"Shangazi Freda," Lonnie akaniambia, ndivyo alivyoniita tangu utotoni ingawa si ndugu wa damu, "huyu mzee bado anaunguza?"

"Anaunguza kwa ustadi zaidi."

Tukacheka sote. Katikati ya kicheko kile Denzil akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ile risasi kavu inayong'aa. Tulipohamisha vitu hakuileta, na mimi sikuiulizia, wala isingenijia akilini kuiulizia. Kwake haikuwa risasi. Hata kwangu mimi, niliyeuza risasi maisha yangu yote, haikuwa risasi.

"Nimeitengeneza mwenyewe," akasema. "Ganda la babu yako. Nilitaka twende wote mlimani, imeshindikana. Lakini tazama kazi ya baba yako. Kaa nayo."

Lonnie aliigeuza mkononi muda mrefu. Akaangalia tundu la chini. Akauangalia mlango, kisha akamwangalia babake, uso wa yule mzee umewaka kama wa mtoto siku ya Krismasi.

"Nzuri sana, baba," akasema, akaitia mfukoni.

Nawaambia ukweli, siku zilizofuata Denzil alikuwa mtu mwenye furaha. Lonnie alipasua kuni za majira yote ya baridi. Alimwogesha babake, alimkata kucha za miguu, alibadilisha mtungi wa oksijeni bila kuambiwa. Jioni walikaa barazani wakibishana timu ya mpira ya chuo, na Denzil alikuwa akimwita "bwana mkubwa" kwa utani. Mara moja gari liliharibika njiani, Lonnie akakosa kufika kwa ofisa, akapewa onyo. Tukaona ni jambo dogo.

Wiki moja kabla ya msimu Bi Talbott akapita bila taarifa, ndiyo kazi yake. Akazunguka vyumba, akaridhika. Kisha, kwa kufuata utaratibu tu, akamwambia Lonnie atoe vilivyomo mifukoni. Mimi nilikuwa jikoni nikiwaletea unga. Lonnie alitoa kitambaa, kisu hakuwa nacho, akatoa chenji, halafu akasimama kidogo, akatoa ile risasi kavu akaiweka mezani. Ikabingirika mpaka kwenye bakuli la sukari.

"Hiyo si risasi!" Denzil akapiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele, pumzi ya kelele hakuwa nayo. "Binti, hiyo ni kavu! Itikise! Tazama chini, haina fataki! Ni mapambo! Nilimpa mimi!"

Bi Talbott aliishika, akaitikisa. Alikuwa ameanza kulia, na nataka hilo lijulikane. "Baba yangu naye hujaza risasi, mzee. Najua ni kitu gani hiki. Lakini karatasi ya masharti inasema asiwe na risasi au sehemu yoyote ya risasi. Ganda ni sehemu. Kichwa ni sehemu. Na ana onyo tayari. Nikinyamaza, kesho kazi yangu haipo."

"Basi nifunge mimi!"

"Baba, kaa chini," Lonnie akasema taratibu. "Kaa chini, baba. Utapungukiwa na hewa."

Walimchukua. Mbele ya wakubwa wa parole nilikwenda mwenyewe na kitabu cha vipimo, nikawaeleza risasi kavu ni nini mpaka wakaniambia nikae. Waliamua arudi kumaliza kifungo chake kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kirefu kuliko mapafu ya Denzil, kila mtu pale ndani alijua.

Jumatatu ya msimu ilifika, milio ikasikika milimani tangu alfajiri. Denzil hakutoka nje. Nilimkuta kitandani amegeukia ukuta, maharage niliyoyaleta juzi yako vilevile.

"Nimemfunga mwanangu kwa mkono wangu," akasema. "Serikali ilimfungua, mimi nikamfunga. Mama yake angekuwepo angenipiga na kikaango."

"Denzil, hukujua."

"Kutojua kunamsaidia nini yeye?"

Aliacha kula. Aliacha kunyoa. Mashine na mizani aliniambia niviuze, na pesa nimpelekee Lonnie anunue sabuni na stempu. Niliuza, nikajisikia kama nauza viungo vya mtu.

Theluji ilipopungua barabarani nilimpeleka kumwona. Gereza liko juu ya mlima uliokatwa kichwa zamani kwa ajili ya makaa. Ukumbi wa wageni una mashine ya kuuza vyakula, na kwetu mzazi anayekuja gerezani huja na mfuko wa sarafu, ili mtoto ale kitu kisichopikwa mle. Lonnie alikaa mbele yetu. Denzil alifungua mdomo aombe msamaha, alikuwa ameyapanga maneno njia nzima nikimsikia, lakini Lonnie akamtangulia.

"Baba, ngoja. Kosa ni langu. Yale masharti walinisomea siku ya kutoka, na mimi akili ilikuwa imeshafika nyumbani, sikusikiliza hata neno. Ningesikiliza ningekwambia palepale, ukaitupa mtoni. Uzembe wangu tu."

Denzil alimkazia macho. "Hukusikiliza?"

"Sikusikiliza."

"Tangu shule ya msingi! Mwalimu aliniambia, huyu hasikilizi! Loo, Lonnie! Sikio la kufa halisikii dawa!" Rangi ilimrudi usoni. Aligonga meza, askari akatutazama. Kisha akashika mkono wa mwanawe. "Haya. Yamepita. Una njaa? Kuna ile mikate yenye soseji ndani." Akainuka mwenyewe, akaburuta mtungi wake kuelekea kwenye mashine, sarafu zikilia mfukoni.

Nilimgeukia Lonnie nikiwa nimejaa maneno. "Hukusikiliza? Wewe? Baba yako amekaribia kujiua kwa njaa, kumbe wewe hukusikiliza?"

"Shangazi, niliyasoma mara nne, kisha nikasaini," akasema, macho yako kwa babake. "Nilijua tangu aliponikabidhi. Lakini ulimwona uso wake siku ile? Ningemrudishia vipi, au kuitupa?"

Nikageuka kumtazama Denzil, akihesabu sarafu mbele ya mashine.

"Usimwambie," akasema. "Tafadhali, shangazi. Kwa roho ya mama yangu, usimwambie."

Denzil alirudi na mkate kwenye karatasi, umeungua kidogo pembeni na ile mashine ya kupashia moto, wakacheka wote wawili. Walikaa hivyo mpaka muda ukaisha.

Njia ya kurudi Denzil aliongea, mara ya kwanza tangu msimu. Aliongea kuanzia lango la gereza mpaka kanisani kwetu. Kijana mzembe yule, alisema. Amenitesa kwa uzembe wake, miezi yote hii najilaumu bure. Hata Imogene alikuwa akisema, Lonnie ana moyo mzuri lakini kichwani hamna kitu. "Wewe unaonaje, Freda? Si mzembe?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili. "Mzembe," nikasema.

"Mzembe kabisa. Lakini mtoto ni mtoto, utamtupa wapi?" Aliomba tusimame kwenye mgahawa wa Dottie anywe supu. Akamaliza bakuli lote.

Alikufa kabla ya majira ya kuchipua, usingizini, na sikushangaa. Jumapili ya mwisho nilipomtembelea aliniambia nimpelekee Lonnie salamu moja. "Mwambie nimemsamehe," akasema. "Asije akabaki anajilaumu. Mwambie nimemsamehe kabisa."

Lonnie hakuruhusiwa kuja kuzika. Nilimpelekea salamu ile mwenyewe, neno kwa neno, nikiwa nimekaa mahali palepale. Akainamisha kichwa mezani. Akasema, "Asante, baba."